Jinsi ya Kumtungia Mtoto Shairi la Wanyama Wakati wa Theluji

Kila Novemba, majani yakishapukutika, maswali ya wazazi huwa ni yaleyale. Winter tuiiteje? Mishororo iwe na mizani ngapi? Dubu analala kweli? Na kama mimi si malenga, naweza? Nafundisha watoto Kiswahili siku za Jumamosi hapa Hamburg, watoto ambao wazazi wao wametoka Tanga, Mombasa, Bukavu na Bujumbura. Nimejibu maswali hayo mlangoni, watu wakiwa wameshavaa makoti, mara nyingi mno. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Kwa nini nahangaika na jambo hili? Mtoto anayekulia huku huijua theluji kabla hajaujua mwembe. Akikosa maneno ya theluji katika Kiswahili ataisema kwa Kijerumani, na taratibu kila kilicho nje ya mlango kitakuwa cha Kijerumani, Kiswahili kibaki cha jikoni na cha simu ya bibi. Shairi fupi la mnyama anayemwona bustanini linamrudishia nje yake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wanyama wa Ujerumani kaskazini. Ukiwa Sweden, Kanada au Minnesota, hatua ni hizihizi, badilisha mnyama tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, utafuta sana.
- Mnyama mmoja ambaye mtoto amemwona kwa macho yake, au anaweza kumwona.
- Kitabu kizuri cha wanyama cha watoto. Cha Kijerumani kinafaa, maadam kimeandikwa na mtu anayejua wanyama.
- Vidole kumi. Ndivyo tutakavyohesabia.
- Nusu saa ya jioni mbili. Usijaribu kumaliza siku moja.

Na maneno. Haya ndiyo yanayowasumbua wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

*Kipupwe.* Ndilo neno ninalotumia kwa majira ya baridi. Lakini mwambie mtoto mapema kwamba kipupwe cha nyumbani ni Juni hadi Agosti, wakati huku watu wanaogelea. Usipomwambia, atamwuliza babu yake kwenye simu mwezi wa Desemba kama kwao kuna kipupwe, na hawataelewana.

*Vuli na masika.* Utakuta kamusi zikiyatumia kwa majira ya hapa. Mimi siyatumii. Vuli ni mvua fupi, masika ni mvua ndefu, na mtoto akienda likizo Tanga atayasikia hivyo. Sema tu "majani yanapopukutika" na "theluji inapoyeyuka". Ni marefu, lakini mtoto anaona picha.

*Theluji na barafu.* Theluji huanguka kutoka juu, nyepesi kama pamba. Barafu ni maji yaliyoganda, ile ya bwawani. Usizichanganye.

*Kalunguyeye.* Ni yule mdogo anayejikunja kuwa mpira wa miiba. Wengi humwita nungunungu, na hapo wamekosea: nungunungu ni mkubwa, ana miiba mirefu, na huku hayupo bustanini.

*Kindi, mbayuwayu, korongo.* Wote wana majina yao ya Kiswahili tangu zamani. Hakuna haja ya kukopa.

*Usingizi wa kipupwe.* Ule usingizi mrefu wa miezi. Kuna wanaosema "kulala baridi". Mtoto atadhani mnyama hakufunikwa blanketi.

Hatua za kazi

1. Chagua mnyama mmoja na jambo moja analofanya.

Shairi la "wanyama wote wakati wa baridi" halitungiki. Utapata orodha. Mnyama mmoja, na katika maisha yake jambo moja tu: kalunguyeye anavyolala, au nyuki wanavyopeana joto, au bata anavyosimama juu ya barafu. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 mpe beti mbili, wa miaka 7 hadi 10 beti tatu au nne.

2. Hakikisha jambo hilo ni kweli.

Hatua hii siilegezi hata kidogo. Mtoto ataliamini shairi kuliko kitabu, maana atalijua kwa moyo. Huku wanyama hukabili baridi kwa njia nne hivi, na lazima ujue wako yuko wapi.

Wapo wanaolala. Kalunguyeye hutafuta rundo la majani Novemba hivi na kutoka Machi au Aprili. Moyo wake, unaopiga kama mara 190 kwa dakika akiwa macho, hushuka hadi kama mara 20. Halali kwa uvivu: chakula chake ni mbawakavu, viwavi na minyoo, na hao hawapatikani ardhi ikiganda. Anaishi kwa mafuta aliyojilundikia mwilini.

Wapo wanaohama. Korongo mweupe huondoka mwishoni mwa Agosti, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanaandika kwamba korongo ameikimbia theluji. Agosti hakuna theluji! Anaondoka jua likiwa bado kali, kwa sababu panzi na vyura watapungua. Wale wa mashariki ya Ujerumani hupita mlango-bahari wa Bosporus huko Uturuki, Mashariki ya Kati na bonde la Nile, kisha wengine hufika nyika za Kenya na Tanzania, na baadhi huendelea hadi Afrika Kusini. Hawakatizi bahari pana, kwa kuwa huruka kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo hakuna.

Watoto wangu hupenda habari ya korongo wa Klütz. Zamani Ulaya wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji kipupwe kizima. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, akapatikana korongo aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni, mkuki uliotengenezwa Afrika. Alikuwa ameruka nao njia yote hiyo, na watu wakaona kwamba ndege hawalali majini bali huhama. Yupo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa, na mkuki wake. Mtoto akisikia hivyo, shairi limeshaanza kichwani mwake.

Wapo wenye akiba. Kindi halali usingizi wa kipupwe, hata kama vitabu vya picha vinamlaza. Hufukia njugu na mbegu wakati wa majani kupukutika, kisha huzifukua kwa kunusa.

Na wapo wanaobaki na kujikinga. Nyuki hujikusanya bonge moja, wakatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, na katikati ya bonge joto hupita nyuzi 20 hata nje kukiwa chini ya sifuri. Walio nje huingia ndani, walio ndani hutoka, kwa zamu. Kipepeo wa manjano ambaye Wajerumani humwita Zitronenfalter hukaa nje kabisa katikati ya majani ya mtambaazi, na maji ya mwili wake hayagandi hata baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Huyo peke yake anastahili shairi.

Dubu? Analala, lakini usingizi wake si mzito kama wa kalunguyeye. Joto la mwili hupungua nyuzi chache tu, na dubu jike huzaa watoto humohumo pangoni katikati ya kipupwe. Ukimwandikia dubu, andika hilo.

3. Toka nje na mtoto, mwangalie, mwulize.

Dakika 10 zinatosha. Usimfundishe. Mwulize: unaona nini? Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Nilisimama na binti yangu kando ya ziwa la Alster, maji yameganda ukingoni. Bata alikuwa amesimama juu ya barafu kwa mguu mmoja, wa pili hauonekani. "Mama, ameuvalisha soksi," akasema. Alikuwa ameuingiza ndani ya manyoya ya tumbo. Mguu ulio chini hauumizwi na baridi kwa sababu damu ya moto inayoshuka hupita sambamba na damu baridi inayopanda, ikaipasha kabla haijafika tumboni. Tulipofika nyumbani nikajaribu kuandika "mguu mmoja barafuni". Hesabu: m-gu-u-m-mo-ja-ba-ra-fu-ni, kumi. Ndefu. Nikaukuza mguu ukawa guu:

*Guu moja barafuni,*
*guu moja manyoyani.*

Nane, na nane. Binti yangu aliisema njia nzima ya kwenda shule kesho yake, akirukaruka kwa mguu mmoja.

4. Andika sentensi tano za kawaida.

Bila vina, bila mizani. Kwa mfano: Kalunguyeye amelala chini ya majani. Nje kuna theluji. Moyo wake unapiga polepole. Anakula mafuta aliyoweka zamani. Tusiliguse rundo lake. Hizi ndizo nyama za shairi. Anayeanza moja kwa moja na vina huishia kusema jambo ambalo vina vimemlazimisha kulisema.

5. Chagua bahari, yaani aina ya shairi: mizani nane, mishororo minne.

Kwa mtoto, kipimo cha utenzi ndicho kizuri kuliko vyote. Kila mshororo mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana kina, na wa nne una kina chake ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Shairi la mizani 16 lenye vipande viwili ni tamu, lakini mtoto anayejifunza Kiswahili ughaibuni huishiwa pumzi katikati.

Kuhesabu mizani: kila silabi ni kidole kimoja. *The-lu-ji*, vidole vitatu. *Nde-ge*, viwili. *Ka-lu-ngu-ye-ye*, vitano. *Mba-yu-wa-yu*, vinne. Angalia M inayosimama peke yake: *m-ti* ni viwili, *m-cha-na* ni vitatu, *pu-m-zi-ka* ni vinne. Irabu mbili zikifuatana, kila moja na kidole chake: *m-gu-u*, *ka-a*.

6. Tafuta vina kabla ya kuandika mshororo.

Chukua neno zito la jambo lako, kisha orodhesha yanayoishia kama lenyewe. Nakupa machache ya kuanzia:

- theluji: maji, mji, kijiji, uji, mlaji
- barafu: mrefu, safu, mapafu, sufu, dhaifu
- baridi: kurudi, hodi, zaidi, ahadi
- kiota: nyota, kuota, kupita, kufuata
- majani: ndani, shimoni, njiani, jamani

Onyo: maneno ya *-ni* ni rahisi mno. Ubeti mmoja sawa. Beti zote nne zikiishia *-ni*, mtoto atasinzia kabla ya kalunguyeye.

7. Kata sentensi zako ziingie kwenye nane.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa "Kalunguyeye amelala chini ya majani". Hesabu: 15. Nikaivunja. "Chini ya majani" ni 6, ikahitaji mbili mbele: *yumo*. "Yumo chini ya majani", nane kamili. "Kalunguyeye" ni 5, ikahitaji tatu nyuma. Nilikuwa na *mdogo*, *rafiki* na *jamani*. *Jamani* ina kina cha *majani*, na ndilo neno ambalo mtoto mwenyewe angelisema akimwona. Kazi yote ni ya namna hiyo, neno kwa neno. Hili hapa shairi lilivyotoka:

*Kalunguyeye jamani,*
*yumo chini ya majani,*
*theluji tele njiani,*
*hadi Machi atalala.*

*Moyo wake wenda pole,*
*hauna tena kelele,*
*akiba ya siku zile*
*ndiyo sasa anakula.*

*Ukishika yako reki,*
*kumbuka huyu rafiki,*
*ndani humo haamki,*
*mwache apate kulala.*

Utaona nimesema *wenda* badala ya unakwenda, na *yako reki* badala ya reki yako. Huo ni uhuru wa mshairi, unaruhusiwa. Lakini tumia mara moja au mbili tu katika shairi la mtoto. Mtoto wa pwani anasikia "reki yako" kila siku na atajua umepindua. Wa huku anaweza kudhani ndivyo isemwavyo. Mweleze.

8. Tafuta picha ya nyumbani kwa jambo la huku.

Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa. Nyuki waliobanana kwenye mzinga wanakula asali ili wapate nguvu ya kutetemeka na kutoa joto. Nilizunguka na hilo siku mbili. Kisha nikamkumbuka mama yangu akipepea jiko asubuhi.

*Nyuki wamekumbatana,*
*zamu wanapokezana,*
*usiku hata mchana,*
*asali ndiyo mkaa.*

Sikuhitaji kueleza nishati. Mtoto ambaye amewahi kwenda likizo nyumbani ameuona mkaa; ambaye hajaenda atauliza, nawe utapata la kumsimulia.

9. Ukitaka waimbe pamoja, weka kibwagizo.

Mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti, hata mtoto asiyejua Kiswahili vizuri ataudaka na kuitikia. Korongo ndiye anayefaa zaidi kwa hili, kwa kuwa anafika kule ambako sisi tunapatamani.

*Safari imeshafika,*
*mabawa yamefunguka,*
*kwa joto unainuka,*
*korongo, salimu bibi.*

*Ukifika nyika zile,*
*panzi wanono uwale,*
*pumzika, lala kule,*
*korongo, salimu bibi.*

*Nahesabu kila siku,*
*mchana hata usiku,*
*Machi ukirudi huku,*
*nipe salamu za bibi.*

Kwenye ubeti wa mwisho kibwagizo kimebadilika kidogo, kina ni kilekile. Watoto hukisubiri. Wakenya mnaosema nyanya, wekeni *nyanya* badala ya bibi beti zote, mizani haiharibiki.

10. Soma kwa sauti, umwachie mtoto penseli.

Soma ukipiga meza taratibu. Mahali ulimi unapojikwaa ndipo mizani imezidi au imepungua, hata kama ulidhani umehesabu. Kisha mpe mtoto daftari abadilishe neno moja. Atakalolibadilisha ndilo atakalolikumbuka.

Makosa ninayoyaona sana

Kalunguyeye mwenye matofaa mgongoni. Picha hiyo imo katika vitabu vingi, na si kweli. Habebi matunda kwa miiba. Wala usimwandikie bakuli la maziwa. Maziwa humharisha, na mtoto aliyelisoma shairi lako atampelekea kweli.

Mnyama kutumiwa kama mwalimu wa adabu. "Nawe uwe na bidii kama nyuki." Mtoto anasikia mawaidha hayo kutwa. Mwache nyuki awe nyuki.

Ngeli kupotea. Watoto wetu husema "ndege inaruka" kwa kuwa wanatafsiri. Shairi ndiyo nafasi ya kulinyoosha bila kugombeza: ndege *anaruka*, nyuki *wamekumbatana*. Lakini basi wewe mwenyewe usikosee. Nimepokea shairi zuri sana la mzazi mmoja lililosema "kindi imeficha mbegu", na darasa zima likalikariri hivyo wiki nzima kabla sijaliona.

Maneno mazito ya mtungaji. *Ewe*, *lahaula*, *mahabubu*. Kuna umri wake.

Na wingi wa vitu vyeupe: theluji nyeupe, barafu nyeupe, mbingu nyeupe. Mtoto anaona mengine. Anaona nyayo, anaona mvuke ukitoka puani mwa mbwa.

Ukikwama

*Mshororo una mizani tisa na hautaki kupungua.* Tazama kitenzi kwanza. *Yanatetemeka* ni 6, *yatetemeka* ni 5. Ikishindikana, tazama kama neno la M lina mwenzake: *mguu* na *guu*. Bado? Tupa mshororo wote, urudi kwenye sentensi tano za hatua ya 4.

*Mshororo una saba.* Usijaze *na* au *ni* zisizo na kazi. Tafuta kivumishi kinachosema kitu: panzi *wanono*, theluji *tele*.

*Sina bustani, naishi ghorofa ya sita.* Dirisha linatosha. Ndege waliojivimbisha manyoya juu ya waya wanafanya jambo la kipupwe: wanaifungia hewa ya moto karibu na mwili. Na kama uko Hamburg, nenda Alster Novemba ukaone bata maji wakubwa weupe wakikusanywa kwa mashua na kupelekwa kwenye bwawa la Eppendorf, ambako maji huzuiwa yasigande. Watarudishwa theluji ikiisha. Nenda mapema, watu hujaa.

*Mtoto anataka kuchanganya Kijerumani.* Mwache kwenye rasimu ya kwanza. Akiandika *Igel*, usifute. Mwulize tu huyo Igel ana silabi ngapi, kisha *kalunguyeye* ana ngapi. Wanapenda kwamba letu ni refu.

*Anakataa kukariri.* Usimlazimishe. Lisome wewe, kila usiku, uache neno la mwisho la mshororo wa nne. Siku ya tatu atalisema.

*Anauliza kama mnyama atakufa.* Swali hili huja kila mwaka, na kwa kawaida huja usiku. Usimdanganye. Kalunguyeye wadogo waliozaliwa mwishoni mwa majira ya joto, wasiopata muda wa kunenepa, wengine hawaamki. Nilipomwambia binti yangu hivyo alinyamaza, kisha akauliza: na wetu? Nikamwambia wetu alikuwa mnono, tulimwona Oktoba, na tutajua Machi. Akaniambia shairi halijaisha basi. Tukaliacha nafasi ya ubeti mmoja daftarini, mistari minne mitupu, miezi minne. Tuliujaza jioni tuliyomwona kando ya ua, mchafu, amekonda, akinusa udongo:

*Machi jua likitoka,*
*rundo litatikisika,*
*pua yake itazuka,*
*akitafuta cha kula.*